Mche wa Sabuni na Thamani ya Jina

Katika duka moja la mjini Karatu, kando ya barabara kuu itokayo Makuyuni na kupanda hadi lango la Loduare ambako hifadhi ya Ngorongoro huanzia, muuzaji huweka juu ya meza yake sabuni za namna mbili, na mtu apitaye kwa haraka hawezi kudhani kuwa baina ya namna hizo mbili kuna taarikhi ya miaka 140. Ya kwanza ni sabuni ya mche, ndefu karibu ya dhiraa, ambayo muuzaji huipima kwa macho, akaitia alama kwa ncha ya kisu, kisha akaikata vipande kwa kadiri ya fedha ya mnunuzi. Ya pili ni sabuni ya kipande, iliyofungwa katika karatasi yenye rangi na jina, Lifebuoy au Lux, ambayo haikatwi wala haipimwi. Juu ya kichwa cha muuzaji vimening'inia vipaketi vya sabuni ya unga, vimeshikana kama shanga katika uzi, kila kimoja kikitosha kufua nguo za siku moja.

Siku ya mnada nilisimama dukani humo wakati mama mmoja wa Kimaasai, aliyeteremka na gari la asubuhi kutoka Endulen, ndani ya hifadhi, alipokuwa akinunua mahitaji yake. Kijana wa dukani alimwamkia, akamwuliza, "Mama, nikukatie nusu au robo?" Yule mama akajibu, "Nikatie robo, na ile ya unga nipe tatu." Kisu kiliposhuka, aliinamia meza akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona kisu kimelalia upande wangu?" Kijana akacheka, akasogeza kisu upana wa kidole. Juu ya vile vipaketi vitatu mama hakusema neno, maana hapakuwa na la kusema: uzito wake na bei yake vilikwisha kuamuliwa mbali sana na meza ile, na watu ambao yeye hatawaona kamwe.

Nataka kuichungua kampuni iliyovumbua tofauti hiyo na kuigeuza utajiri. Unilever ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani zinazouza vitu vya matumizi ya kila siku. Mwaka 2024 mauzo yake yalifika yuro bilioni 60.8, jumla ambayo ni zaidi ya mara tatu ya bajeti yote ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25, iliyokuwa shilingi trilioni 49.35. Wengi huieleza taarikhi yake kama taarikhi ya viwanda na uvumbuzi. Kwa maoni yangu ni taarikhi ya mafuta na jina: mafuta yaliyotoka katika ardhi za watu wengine, na jina lililobandikwa juu yake, na kadiri miaka ilivyopita, kampuni ikayaachilia mafuta na ardhi kidogo kidogo, ikabaki imelishikilia jina.

Asili yake ni duka kama lile la Karatu. William Hesketh Lever alizaliwa mwaka 1851 mjini Bolton, Uingereza, mtoto wa muuza vyakula, na kazi yake ya ujanani katika duka la baba yake ilikuwa kukata miche ya sabuni na kuifunga. Sabuni zama hizo haikuwa na jina. Mteja aliomba uzito, naye muuzaji akakata. Mwaka 1884 Lever akaandikisha jina la Sunlight, akaifunga sabuni yake vipande vilivyo sawa katika karatasi, akatumia fedha nyingi katika matangazo hata wenzake wakamwona mbadhirifu, na mwaka uliofuata akaanza kuitengeneza mwenyewe huko Warrington. Ilipofika 1888 alikuwa anajenga kiwanda na mji wa wafanyakazi alioupa jina la sabuni, Port Sunlight. Lifebuoy ikatoka mwaka 1894. Sabuni yake ilipendwa kwa kuwa ilitoa povu kwa urahisi, na povu hilo lilitokana na mafuta ya mimea yaliyochukua sehemu kubwa ya nafasi ya shahamu ya wanyama: mafuta ya nazi, ya mawese na ya pamba, ambayo mimea yake mingi haioti Ulaya.

Hapo ndipo habari ya sabuni ya Bolton ilipoingia katika maisha ya Waafrika. Mtu aliyeuza jina alihitaji mafuta mengi, yasiyokatika, na kwa bei ambayo wafanyabiashara wa kati hawangeweza kuipandisha. Kwa hiyo akatafuta ardhi yake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ya Uingereza huko Afrika ya Magharibi haikumpa ardhi kama alivyotaka, lakini Wabelgiji walimpa. Kwa mkataba wa mwaka 1911 kampuni yake ya Huileries du Congo Belge ilipata haki juu ya michikichi iliyohesabiwa kuwa ya porini katika maeneo matano ya Kongo, ambayo jumla yake iliruhusiwa kufika hekta 750,000. Kituo kimoja kando ya mto Kwilu kikaitwa Leverville. Michikichi hiyo ilikuwa na wenyewe, watu walioipanda wao na babu zao kula na kuuza mawese yake, na siku moja wakaambiwa kuwa matunda ya mti ule ni mali ya kampuni, na kwamba wao wana ruhusa ya kuyachuma kwa ujira uliokwisha kupangwa. Watu wakawa wagumu kwenda, dola ikatumia kodi na mabavu kuwapeleka. Na mwaka 1931, bei ya mawese ilipoporomoka duniani na ujira ukashushwa ilhali kodi haikushuka, Wapende wa Kwilu waliasi, na mamia yao wakauawa na askari wa serikali. Siandiki hayo ili kumtia Lever peke yake hatiani, kwani mfumo ulikuwa wa zama zile zote; ila ni dhuluma kuitaja Port Sunlight na bustani zake katika kila kitabu cha sifa za kampuni bila ya kuitaja Leverville, maadamu mji mmoja uliulisha mwingine.

Tamaa ya mafuta ilikaribia kuiangusha kampuni yenyewe. Mwaka 1920 Lever aliinunua Kampuni ya Niger kwa zaidi ya pauni milioni 8, bila ya kuvikagua vitabu vyake vya hesabu kama ipasavyo, na miezi michache baadaye bei za mazao zikaanguka, ikadhihirika kuwa amenunua pamoja na mali madeni makubwa. Mabenki yakaingiwa na hofu. Aliyeiokoa kampuni alikuwa mhasibu, Francis D'Arcy Cooper, na tangu hapo, hasa baada ya Lever kufariki dunia mwaka 1925, uongozi ulitoka katika mikono ya mtu wa duka ukaingia katika mikono ya watu wa daftari. Tarehe 2 Septemba 1929 ukatiwa saini mkataba wa kuiunganisha kampuni hiyo, Lever Brothers, na Margarine Unie ya Uholanzi, iliyotokana na jamaa mbili za wauza siagi wa mji wa Oss, Jurgens na Van den Bergh, na Unilever ikaanza kazi mwanzo wa 1930. Sababu ya muungano ilikuwa nyepesi: mwenye sabuni na mwenye majarini waligombea pipa moja la mafuta, wakaona kuliko kupandishiana bei ni heri washirikiane. Ikawa kampuni moja yenye vichwa viwili, London na Rotterdam, na hali hiyo ikadumu mpaka 2020.

Nchi yetu iliingia katika daftari hilo kwa njia ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mapema mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, ambayo ilikuwa tawi la Unilever, aliipelekea serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hii, alitumwa kupeleleza, akarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 kwa gharama ya pauni kama milioni 24. Kongwa, Urambo na Nachingwea yakachaguliwa. Matrekta yaliyochakaa vitani yakaletwa, hata vifaru vikageuzwa kuwa vyombo vya kung'oa visiki. Mibuyu ikakataa kung'oka, na udongo wa Kongwa, ambao kila Mgogo alijua hali yake, ukakauka wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, karanga zisichimbike. United Africa Company ilisimamia kazi hiyo kwa niaba ya serikali mpaka Machi 1948, kisha ikakabidhi kwa shirika la umma, na mpango ulipofungwa Januari 1951 hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa pauni milioni 36.

Mpango huo husimuliwa kwa kawaida kuwa kisa cha kiburi cha wataalamu, nami sina la kukanusha katika hilo. Lakini ukiutazama kwa jicho la mwenye kupima mapato na matumizi ya kampuni, kuna jambo la pili: wazo lilikuwa la mtu wa Unilever, mafuta yangenunuliwa na viwanda vya namna ya Unilever, ila hasara ilibebwa na walipa kodi wa Uingereza, na ardhi iliyochubuliwa ikabaki kwa wenyeji wa Ugogo. Kampuni iliyokwisha kuungua vidole kwa Niger haikuweka fedha yake katika udongo wa Kongwa. Naona hapo mwanzo wa hekima ya kihasibu ambayo tutaiona tena, nayo ni kwamba ardhi ina hatari, na hatari hiyo akiibeba mwingine ni bora zaidi.

Kilichofuata Afrika ya Mashariki kilikuwa kiwanda, na hicho kilijengwa Nairobi. East Africa Industries, ambayo Unilever ilijitia ubia ndani yake katika miaka ya 1950, ndiyo iliyosambaza majarini ya Blue Band, mafuta ya kupikia ya Kimbo, na sabuni za Omo na Lux katika nchi zote tatu za Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa mpaka ulikuwa wazi, duka la Karatu, mji uliokuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu, lilipata bidhaa za Nairobi kwa kupitia Arusha kama vile lilivyopata chumvi. Kisha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Watu wazima wa mkoa wa Arusha hawahitaji kuelezwa miaka ile. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma ya mikoa, viwanda vya ndani vilikosa fedha za kigeni za kununulia malighafi, vita vya Kagera vilikwisha kuikausha hazina, na sabuni ikawa kitu cha kupangia foleni. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu. Kopo la Kimbo lilipita Namanga usiku kwa magendo, likauzwa kwa siri, na mwaka 1983 Edward Sokoine, waziri mkuu na mwana wa Monduli, alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wapo waliozitupa sabuni porini wasikutwe nazo nyumbani.

Miaka ile ilifanya kazi ambayo matangazo ya fedha nyingi yasingeweza kuifanya. Kitu kilichokosekana kikawa na haiba. Watu wakajua majina ya bidhaa kama wajuavyo majina ya jamaa walio safarini, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, majina hayo yakapokewa kwa furaha ambayo haikuhusu mafuta wala povu pekee. Mpaka leo watu wengi hapa wakiomba Blue Band huwa wanaomba majarini ya aina yoyote, na muuzaji humpimia mteja kwa kijiko kutoka katika kopo kubwa bila ya yeyote kati yao kusoma maandishi.

Sasa tuje katika vitabu vya hesabu vya zama zetu, maana ndiko kulikojificha jambo lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Unilever ilikuwa na majina ya bidhaa 1,600, ikatangaza kuwa itayapunguza yabaki kama 400, yale yenye nguvu tu. Wakati huohuo ikanunua majina ya wengine: mwaka 2000 ililipa zaidi ya dola bilioni 24 kuipata Bestfoods, mwenye Knorr. Kimbo, iliyolisha vikaango vya Afrika ya Mashariki kwa miongo mingi, ikauzwa kwa Bidco ya Kenya mwaka 2002, kwa kuwa faida ya mafuta ya kupikia ni nyembamba. Mashamba ya michikichi ya Kongo, urithi wa mkataba wa 1911, yakauzwa mwaka 2009 kwa kampuni ya Kikanada iitwayo Feronia.

Kisha likatokea tukio la Februari 2017, ambalo wenye hisa hawatalisahau. Kampuni ya Kraft Heinz ilijitokeza kutaka kuinunua Unilever yote kwa dola bilioni 143. Shauri hilo lilidumu siku 2 tu, likaondolewa, lakini hofu liliyoiacha ilidumu miaka. Paul Polman, mkuu wa Unilever tangu 2009, alikuwa amejijengea sifa ya kukataa kuongozwa na faida ya kila robo mwaka, akasema kampuni itazame mbali, itunze mazingira na wakulima wadogo. Baada ya siku zile 2 hata yeye alilazimika kuwaahidi wenye hisa kuwa katika kila yuro 100 za mauzo faida ya uendeshaji itafika 20 ifikapo 2020, na kwamba kampuni itanunua hisa zake za yuro bilioni 5, na kuiuza biashara ya majarini. Majarini ilikuwa nusu ya damu ya Unilever, sababu ya muungano wa 1929. Ikauzwa mwaka 2018 kwa watu wa fedha wa KKR kwa yuro bilioni 6.825, na Blue Band ikaenda pamoja nayo. Katika maduka ya Karatu hakuna aliyejua, na rangi ya kopo haikubadilika.

Chai ikafuata. Unilever iliyapata mashamba ya Mufindi na ya Kericho ilipoinunua Brooke Bond mwaka 1984, nayo yalikuwa ardhi ya mwisho kubwa iliyobaki mikononi mwake katika upande huu wa Afrika. Mwaka 2022 biashara ya chai ikaenda kwa CVC Capital Partners kwa yuro bilioni 4.5. Ndiyo maana faida halisi ya mwaka huo ilionekana kupanda hadi yuro bilioni 8.3, na msomaji asiyeangalia vizuri anaweza kudhani kuwa kampuni ilifanya biashara ya ajabu, kumbe sehemu kubwa ya ongezeko ni bei ya mashamba na majina ya chai yaliyouzwa mara moja na hayatauzwa tena.

Kwa nini mtu auze chai, kinywaji kinachonywewa kila asubuhi kuanzia nyumba za Endabash hadi hoteli za ukingoni mwa kreta? Sababu moja ni kwamba chai ya majani meusi haikui katika masoko ya matajiri. Sababu ya pili haikuandikwa kwa herufi kubwa katika taarifa za kampuni, lakini inasomeka Kericho. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 wahuni walilivamia shamba la Unilever, wakaua, wakabaka na kujeruhi wafanyakazi na jamaa zao. Wafanyakazi na wakazi 218 walifungua mashitaka London dhidi ya kampuni mama. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwakatalia, kwa kuwa usimamizi wa usalama wa shamba ulikuwa kazi ya kampuni tanzu ya Kenya na si ya kampuni mama. Sheria imesema, nami siwezi kuitengua. Lakini mtu wa kawaida ana haki ya kuona mgongano uliomo humo: sokoni jina ni moja, linalindwa duniani kote kama mboni ya jicho, mahakamani kampuni ni mbili, na mwenye jina hamjui mwenye shamba.

Tugeukie mauzo yenyewe. Mwaka 2022 mauzo ya kampuni, ukiacha mabadiliko ya fedha za kigeni na biashara zilizonunuliwa au kuuzwa, yalikua kwa asilimia 9, nayo ni kasi ambayo kampuni ya ukubwa huo huipata kwa nadra. Ukilifungua jambo hilo ndani yake unakuta vitu viwili vinavyokwenda kinyume: bei ilipanda kwa asilimia 11.3, na wingi wa bidhaa zilizouzwa ukapungua kwa asilimia 2.1. Maana yake ni kwamba watu walinunua sabuni kidogo zaidi na kulipa zaidi. Mwaka 2023 ukuaji ulikuwa asilimia 7, na karibu wote, asilimia 6.8, ulikuwa wa bei. Wingi uliongezeka kwa asilimia 0.2 tu. Mwaka 2024 ndipo mizani iliporudi: wingi ukapanda kwa asilimia 2.9 na bei kwa 1.3. Katika miaka hiyo mitatu faida ya uendeshaji kwa kila yuro 100 za mauzo ilitoka 16.1 ikafika 16.7 kisha 18.4. Ni kweli kuwa mwaka 2022 mafuta ya mawese na ya petroli yalikuwa ghali mno kwa sababu ya vita vya Ukraine, na kampuni ilibeba sehemu ya mzigo huo. Ila bei ya malighafi iliposhuka, bei za dukani hazikushuka nayo, na pengo baina ya hayo mawili likawa miongoni mwa chemchemi za faida ya mwaka 2024.

Kwa msomaji wa London asilimia ya bei ni mstari katika jedwali. Kwa mama wa Endulen ina umbo jingine, kwa kuwa huku bei hupanda aghalabu pasipo kupanda. Sarafu anayotoa ni ileile, na kipaketi ni kilekile kwa rangi. Kinachopungua ni gramu, na gramu huandikwa nyuma kwa herufi ndogo ambazo hata mimi huzisoma kwa kukisongeza kipaketi machoni. Mche ukipunguzwa, kisu kinaonekana, na mnunuzi anaweza kusema, "Mbona kimelalia upande wangu?" Naam, zaidi ya nusu ya mauzo ya Unilever sasa hutoka katika nchi zinazoendelea, India ikiwa mbele, na ni vipaketi hivyo vilivyofungua milango yake: vilimwezesha mtu wa kipato cha kutwa kununua kitu ambacho asingeweza kukinunua kwa mfuko mzima. Hilo ni jema, na silidharau. Lakini tuseme mfuko mmoja wa sabuni ya unga una uzito wa vipaketi 20, na bei yake ni sawa na vipaketi 15. Basi anayenunua kidogo kidogo analipa theluthi moja zaidi kwa kila gramu, na tofauti hiyo hulipwa na yule asiyeweza kukusanya fedha ya mfuko kwa mara moja.

Kwa watu wa ndani ya hifadhi mzigo huo una uzito wa pekee. Tangu Ngorongoro itengwe mwaka 1959 wafugaji wameruhusiwa kukaa humo, lakini kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo unga, maharage, sukari na sabuni vyote hutoka Karatu, na fedha ya kuvinunulia hutoka katika mbuzi aliyeuzwa mnadani. Kiangazi kikikaza mbuzi hukonda, bei yake huanguka, ilhali bei ya kipaketi haijui kiangazi. Tangu 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi Msomera huko Handeni, na huduma ndani ya hifadhi zikawa na mashaka, wapo wanaonunua siku kwa siku kwa kuwa hawajui kesho watakuwa wapi.

Na sabuni kwao si anasa. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa na mikono, nguo na nzi, na ambao mwisho wake ni upofu, bado umo katika jamii za wafugaji wa wilaya ya Ngorongoro, na sehemu ya kinga yake ni uso wa mtoto uliooshwa. Mtu akisema kuwa kampuni za sabuni zimeleta uhai, nitamkubalia bila ya kusita. Lifebuoy imefundisha watoto wengi wa Afrika na Asia kunawa mikono. Ninachokitaka ni kwamba kitu chenye uzito huo katika afya ya watu kipimwe kwa wazi, gramu ziandikwe mbele, kwa herufi za ukubwa wa jina.

Kuna pia kinachobaki baada ya povu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na barabara za Karatu zikapata heri iliyoonekana kwa macho. Ila vipaketi vya bidhaa havikuguswa na amri ile. Vinapeperushwa hadi kwenye michongoma, vinashuka na makorongo mvua zinapoanza, na mbuzi huvila kwa sababu vina harufu. Unilever iliahidi kupunguza nusu ya plastiki mpya ifikapo 2025, kisha Aprili 2024 ikalegeza ahadi hiyo ikawa asilimia 30 ifikapo 2026. Mwezi uliotangulia ilikuwa imetangaza kuiachia biashara ya aiskrimu na kupunguza wafanyakazi wapatao 7,500. Ahadi iliyo ndani ya jedwali la fedha hutimizwa kwa tarehe. Ile ya michongoma husogezwa.

Kwa watu wetu habari hii haijafungwa, maana mafuta bado yapo. Katika milima ya Usambara Mashariki msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta magumu yafaayo kwa majarini, ulitafutiwa soko na Unilever yenyewe kuanzia miaka ya 2000, wanakijiji wakaokota na kuuza. Kisha biashara ya majarini ikauzwa, na mti ukabaki pale ulipokuwa. Karatu kwenyewe hulimwa alizeti, na mashine ndogo za kukamulia husikika kuvuma baada ya mavuno. Mafuta yake ni mazuri, mazito, yenye harufu ya mbegu iliyokaangwa. Nyuma ya duka lile nililolitaja niliyakuta yamepangwa chini ya kivuli, lita kwa lita, katika chupa tupu za maji ya kunywa zilizoachwa na wageni warudio kutoka kreta, na kila chupa imebaki na karatasi yake: jina la maji, la kampuni nyingine, nje ya mafuta ya mkulima wa hapa. Nilimwuliza yule kijana mkamuaji ni nani. Akalitaja jina lake na kijiji chake bila ya kufikiri, kama mtu asemaye neno ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote.